Mpiga Picha Aliyechaguliwa na Koko

Mtu yule alibisha hodi wakati Benny, mpiga picha, akituonyesha bibi harusi wa ishirini na tatu.

Nilikuwa nawahesabu. Wote walisimama katika bustani ileile ya hoteli kando ya Ziwa Kivu, wote wameinamisha kichwa upande uleule, na wote walikuwa na ngozi laini ya aina moja, kama maandazi yaliyotolewa mafutani kwa pamoja. Benny alipitisha kidole kwenye tablete yake polepole, ili kila mmoja wetu apate muda wa kushangaa.

“Ingia tu!” mama mdogo Marcelline alipaza sauti bila kuinua macho.

Aliyeingia alikuwa mwanaume mrefu wa miaka hamsini hivi, amevaa koti la mvua na kofia ya kitambaa iliyopauka. Alikumbatia bahasha ya plastiki kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Alivua viatu vyake mlangoni, vimejaa lile tope jeusi la Goma lisilotoka hata ukisugua, akasimama na soksi.

“Tumsifu Yesu Kristu.”

“Milele na milele.”

“Hapa njo kwa mama Munezero?”

Mama alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na hakuna mtu aliyekuwa akimuulizia tena mlangoni.

“Mama alituacha, papa,” nikasema. “Mimi ni mutoto wake.”

“Umwiza. Najua. Nilisikia jina yako mu kanisa. Mimi ni Hilaire Habarurema, wa Kalengera. Nilileta...”

“Karibu, papa, karibu!” Papa Buhendwa alimkata kauli. “Kaa pale, kamata Fanta. Tuko mu kazi, tutamaliza sasa hivi.”

Nyumba inayoandaa harusi haimuulizi mtu amefuata nini. Papa Buhendwa alimchukulia kuwa ndugu yetu mmoja wa Rutshuru, kule iliko Kalengera, aliyekuja na mchango wake, akamwonyesha kiti kidogo karibu na mlango wa jikoni. Mgeni akakaa, bahasha juu ya magoti, Fanta mkononi, akatulia kama mtu wa kanisani.

Papa Buhendwa alikuwa prezida wa komite ya harusi. Ni kaka mkubwa wa baba yake Cubaka, mchumba wangu. Anauza mabati na misumari kwenye depo yake pale Birere, na kwa sababu ya kelele za Birere huzungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng’ambo ya barabara. Mama mdogo Marcelline alishughulikia chakula. Mimi nilipewa kazi ya kumchagua mpiga picha, kwa maneno haya: “Wewe ulisoma, utatutafutia mutu mwenye akili.”

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, na kazi sikuwa nimepata bado, basi jukumu hili nililishika kwa mikono miwili. Nilichora jedwali lenye vigezo kumi, kila kimoja pointi kumi: ubora wa mashine, kufika kwa wakati, mwanga, heshima kwa wageni na kadhalika. Niliwatembelea wapiga picha watano. Benny aliwapita wote. Alikuwa na themanini na saba.

“Na hii sasa,” Benny akasema, “ni ile inaliza batu.”

Ilikuwa video. Mama mmoja akimkumbatia binti yake mlangoni, machozi yakishuka taratibu mno, tone moja likichukua muda wa wimbo mzima.

“Ah!” Papa Buhendwa akapiga paja. “Njo hiyo! Mimi nataka machozi. Harusi bila machozi mu foto ni mukutano ya wafanyabiashara.”

Nilitazama mlango wa jikoni. Mle ndani, mlio wa maharage yakichambuliwa ulikuwa umekoma.

Nieleze hapa jambo ambalo halikuwa kwenye jedwali langu. Jikoni alikuwa Nyiransengimana, bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tunamwita Koko. Baba alifariki kabla sijajua kutembea, kwa hiyo nililelewa na wanawake wawili, mama na Koko, na mama alipoondoka akabaki mmoja. Siku ya kumzika mama, Koko alipiga magoti pembeni ya kaburi, kitambaa cha kichwa kimeanguka, mdomo wazi. Mtu mmoja akampiga picha kwa simu. Hatukuwahi kujua ni nani. Ile picha ikazunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp ya ukoo, ikaenda Masisi, ikaenda Kigali, ikarudi ikiwa imebandikwa mishumaa na maua. Koko hana simu. Aliiona wiki tatu baadaye nje ya kanisa, mwanamke mmoja akimwonyesha kwa huruma: “Mama, tulikuona, tulilia na weye.”

Kwetu mtu mzima hulia, lakini hulia ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Koko alirudi nyumbani siku ile akiona kwamba dunia nzima imeingia chumbani mwake bila hodi. Tangu hapo haendi penye kamera. Nilipotetea kazi yangu ya mwisho chuoni alikaa nje, chini ya dirisha, akisikiliza. Na kuhusu harusi yangu alikuwa amesema neno moja tu, kwa upole, kama anayejitolea kunisaidia:

“Mimi nitabakia nyumbani, mwana wangu. Mutu ataangalia vyungu.”

Nilijua kuna watu kumi na wawili wa kuangalia vyungu. Nilijua pia kwamba Koko hulia kwenye harusi zote, hata za watu asiowajua, hata akisikia tu honi za magari barabarani. Kila siku nilitafuta njia ya kumshawishi. Kuolewa bila yeye kuwepo kulikuwa, kwangu, kama kusaini karatasi katika ofisi isiyo na mtu.

“Samahani,” mgeni akasema kutoka kwenye kiti chake. Fanta ilikuwa imeisha. “Mimi sina mambo mingi. Nitatoa tu hii kitu, niende.”

Akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na gazeti, ndani ya gazeti mlikuwa na plastiki nyingine, na ndani yake picha moja ya saizi ya kitabu cha sala. Akanipa kwa mikono miwili.

Ukutani kwetu ipo picha moja tu kubwa ya mama. Ilikuzwa kutoka kadi yake ya mpiga kura, kwa ajili ya mazishi, na ndani yake mama anaonekana kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Nilikuwa nimeanza kumkumbuka hivyo. Sasa nilikuwa nimeshika picha ya mwanamke aliyejikunja kwa kicheko, chupa ya limonadi imeinama mkononi mwake inataka kumwagika, mkono mwingine umeng’ang’ania mkono wa mwanamke mzee aliyekaa kando yake, naye anacheka hadi pengo lake la meno linaonekana lote. Mama na Koko.

“Ulitoa wapi hii?” sauti yangu ilikuwa ndogo.

“Nilipiga mwenyewe. Harusi moja ya kule kwetu Kalengera, sasa ni miaka munane. Unajua sisi tunapiga bageni, tunachapisha mbio, tunatandika foto chini ku mulango, kila mutu anakamata yake akitoka. Mama yako aliona hii, akacheka tena. Lakini gari yao ilikuwa inaita. Akaniambia: papa, uniwekee, nitakuya kuikamata. Nikamuambia: nitaiweka.” Akainua mabega. “Basi, nikaiweka.”

“Miaka munane?” mama mdogo Marcelline akauliza.

“Niko na sanduku ya zile foto zilibakia. Nyuma naandika jina. Tulipokimbia kuya hapa Goma, mama ya batoto alibeba sufuria, mimi nikabeba ile sanduku. Mpaka leo ananisema! Sasa yenga iliyopita, mu misa ya Jumapili, padri anasoma matangazo ya ndoa: Umwiza, mutoto wa marehemu Munezero, wa Kalengera. Nikasema, ah. Huyu ni wa foto yangu.”

Sikusikia Koko akitoka jikoni. Niliona tu mkono wake wenye vumbi la maharage ukishika upande mwingine wa picha.

“Yooo,” akasema. “Ile siku mbuzi ilikula hotuba.”

“Hotuba ya nani?” nikauliza.

“Ya muzee Nizeyimana. Aliweka karatasi nyuma ya mugongo, anataka asimame kwa adabu. Mbuzi ya dot, ile ya mahari, ikaikula yote. Yeye anafungua mikono, anaona kipande hivi...” Koko akaonyesha ukubwa wa kucha. “Akasoma kile kipande!”

Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko uso wake ukavunjika. Alilia kwa sauti, amesimama pale katikati ya sebule, mbele ya komite nzima, picha imebanwa kifuani juu ya aproni.

Mambo matatu yalitokea kwa wakati mmoja, na mimi niliyaona yote. Papa Buhendwa alimkodolea macho kwa huruma ya kweli. Benny aliinua simu, haraka, kama mtu anayezuia glasi isianguke, na nikasikia ule mlio mdogo. Na Hilaire Habarurema akainuka, akatugeuzia mgongo, akaanza kutazama kalendari iliyotundikwa ukutani.

Aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa kalendari ya depo ya Papa Buhendwa, yenye picha ya mabati.

Koko alijipangusa kwa upindo wa aproni. “Weye,” akasema mwishowe. “Unaangalia nini huko?”

“Kalendari, mama,” Hilaire akajibu bila kugeuka. “Huu mwezi wa saba iko na siku mingi.”

“Iko na ngapi?”

“Bado nahesabu.”

Koko akacheka puani. Halafu akamgeukia Benny, akanyoosha kiganja. “Na weye, mutoto. Futa.”

Benny alikuwa kijana mzuri, na lazima niseme hivyo. Alionekana kama ameamshwa usingizini. “Koko, samahani sana. Ni mukono, si mimi. Umezoea.” Akaifuta, akamwonyesha kuwa ameifuta, akafungua hata kile kikapu ambamo picha zilizofutwa hujificha, akafuta na mle.

“Aksanti,” Koko akasema. “Sasa sikilizeni. Kama ni huyu wa kalendari anapiga foto, mimi nitakuya ku harusi.”

Nilichukua jedwali langu, nikalikunja mara mbili, nikaliweka chini ya chupa za Fanta.

“Ngoja kwanza, ngoja!” Papa Buhendwa alisimama. “Mama mukubwa, kwa heshima yote. Hatujaona mashine yake! Papa Hilaire, uko na mashine?”

“Niko nayo, muzee.”

“Ya mwaka gani?”

“Inapiga,” Hilaire akasema.

Koko alimwendea hadi akasimama chini ya kidevu chake. “Mimi nalia mu maharusi. Bote banajua. Siku ile nitalia. Nikilia, hautapiga.”

“Sitapiga, mama.”

“Hata wakikusukuma?”

“Hata wakinisukuma.”

“Hata iwe nzuri namna gani?”

Hapo alisita kidogo. Nilimpenda kwa kule kusita. Mtu wa picha hawezi kujibu swali hilo mbio. “Hata iwe nzuri,” akasema.

*

Papa Buhendwa hakuwa mtu wa kununua kitu bila kukipiga kwanza kwa nyundo asikie mlio wake. Alhamisi aliniita mimi na Cubaka pale Birere, akamwambia Hilaire alete kazi zake zote.

Hilaire hakuwa na studio. Alifanya kazi kwa miguu, kamera shingoni, kichapishi kidogo mgongoni. Alikuja na sanduku lake la bati juu ya chukudu aliyoikodi, ile baiskeli ya mbao ya kwetu, huku akiisukuma katikati ya pikipiki na wauza nyanya, akalishusha kwenye baraza ya depo.

Tulikaa juu ya mifuko ya misumari tukizitazama zile picha zilizobaki. Nilitarajia picha mbovu, maana watu waliziacha. Nyingi zilikuwa nzuri kuliko bibi harusi wote ishirini na watatu wa Benny. Mzee akimfungia mkewe kiatu. Wasichana watatu wakila mishikaki kwa siri nyuma ya jukwaa. Mtumbuizaji amelala juu ya ngoma. Cubaka, ambaye ni karani na hupenda mambo yaliyopangwa, alizipindua kusoma nyuma: jina, mahali, tarehe, na mara nyingine neno: “alisema atarudi”, “alikimbilia mvua”, “mtoto alikuwa na homa”.

“Kwa nini hauzitupi?” Cubaka akamuuliza.

“Mutu ni mutu. Namutupa wapi?”

Papa Buhendwa aliguna tulipozisifu, akaguna tuliponyamaza. Halafu akashika picha moja, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

“Huyu ni nani?”

Tukainama. Ilikuwa harusi ya hapa Goma, mwaka jana. Mwanaume mnene, tai imetupwa begani, amefumba macho, mikono hewani, anacheza peke yake katikati ya uwanja kama mtu aliyesahaulika mbinguni.

“Uliondoka mapema, muzee,” Hilaire akasema kwa adabu. “Sikujua jina. Niliandika tu ‘papa mwenye furaha’.”

Papa Buhendwa alicheka hadi wabebaji wa mabati wakasimama barabarani. Akaiweka ile picha kwenye mfuko wa shati, akaipapasa. Na kwa kuwa ni mtu asiyejua kufurahi bila kutoa kitu, akainuka, akapiga ukuta wa baraza kwa kiganja.

“Unaona hii fasi, hii baraza, Hilaire? Iko na mabati ya juu, haivuji. Iko na kurà ya umeme, prizi ile pale ku ukuta. Kila asubui batu elfu wanapita hapa kwenda ku mupaka, na bote banaitaji foto ya karatasi ya kuvukia. Utaweka kiti, utaweka rido, pazia nyeupe, nyuma. Bure mwaka muzima.”

Hilaire alivua kofia. Aliitazama prizi. Aliutazama umati ukipita kuelekea mpakani, akatazama juu, kwenye bati, kama mtu anayesikia mvua ambayo haijanyesha.

“Muzee, sijui niseme nini.”

“Usiseme. Nipe kitu moja tu.” Papa Buhendwa akashusha sauti yake, yaani ikawa kama sauti ya kawaida ya watu wengine. “Nipe foto ya kuagana. Umwiza na Koko yake, ku mulango, na machozi. Nitaiweka kubwa mu salon ya mudogo wangu, baba ya Cubaka, bajukuu baione. Mama mukubwa hatajua. Utasimama mbali, foto moja, kwisha.”

“Papa Buhendwa,” nikasema.

“Umwiza, mutoto, hauitaki?”

Nilifungua mdomo niseme hapana. Nilisomea sheria, niliandika kurasa tisini juu ya heshima ya mtu. Lakini picha moja ya Koko akiniaga, iliyopigwa na mkono uliompiga picha mama akicheka! Miaka minne sikuwa na picha hata moja nikiwa naye. Siku moja Koko hatakuwepo, nami nitabaki na kadi ya mpiga kura nyingine ukutani. Nilifunga mdomo. Cubaka alinitazama, akatazama misumari.

“Nimesikia, muzee,” Hilaire akasema, na akavaa kofia yake.

Ile haikuwa ndiyo wala hapana. Nilirudi nyumbani nikamkuta Koko amenyoosha mshanana wake juu ya kitanda, kitambaa cha zambarau cha kuvaliwa begani siku kubwa, anakiangalia kama msichana.

“Unaona kama bado kitanienea?”

“Kitakuenea, Koko.”

Sikumwambia.

*

Siku ya harusi mvua ilinyesha alfajiri ikamaliza mapema, na jua likatoka safi, hata mdomo wa volkano ulionekana wote bila wingu. Koko alikuja. Aliingia kanisani ameshika mkono wa mama mdogo Marcelline, mgongo umenyooka, akapita mbele ya kamera ya Hilaire kama anapita mbele ya mbwa asiyemwamini bado.

Hilaire alikuwa amefika kabla ya padri. Benny alimwazima taa yake na akaja kama mgeni, na mara tatu nilimwona akitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Hilaire alizunguka na daftari dogo, akimuuliza kila mtu jina lake. Hakumwambia mtu acheke. Alisubiri tu. Cubaka alipokosea kidole cha kuniweka pete, akajaribu cha pili, nacho pia siyo, na padri akamnong’oneza “kile kingine, mwanangu”, nilisikia mlio wa kamera, na nikajua kwamba hiyo nitaitazama hadi uzee.

Ukumbini, baada ya sahani ya kwanza, Koko mwenyewe alimwita.

“Weye wa kalendari. Kuya. Sasa silii. Piga.”

Alikaa wima, mikono juu ya magoti, mdomo umefungwa kuficha pengo. Hilaire akasubiri. Akaendelea kusubiri.

“Unangoja nini?”

“Nangoja mbuzi, mama.”

Koko akacheka, pengo lote nje, naye akampiga picha.

Saa kumi na moja ukafika wakati wa kuondoka. Gari la Cubaka, limefungwa riboni nyeupe, lilikuwa langoni mwa uwanja wa ukumbi, kando ya ukuta mrefu wa mawe meusi. Jua la jioni lilikuwa limeshuka likaja moja kwa moja usawa wetu, lile jua la manjano ambalo Benny alikuwa ameniambia wapiga picha hulisubiri kutwa nzima. Wageni wote walitoka. Wakaacha njia katikati. Koko akaja kwa hiyo njia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Hakusema lolote. Alinitazama uso, akalamba kidole gumba chake, akanifuta krimu ya keki kwenye kidevu, kwa nguvu, kama alivyonifuta uji kila asubuhi ya shule. Akaangalia kama pametakata. Halafu mikono yake ikabaki mashavuni mwangu, na akaanza kulia.

“Piga!” mtu akasema nyuma.

“Fotografe! Piga! Utaikosa!”

“Hilaire!” Ilikuwa sauti ya Birere. “Sasa njo saa! Piga!”

Juu ya bega la Koko nilimwona. Alikuwa hatua sita kutoka kwetu, jua nyuma yake, mahali palepale ambapo ningemweka kama ningekuwa najua kazi hiyo. Kamera ilikuwa tayari kwenye jicho lake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ningeweza kutikisa kichwa kumkataza. Nakiri kwamba sikutikisa. Niliitaka ile picha kiasi kwamba nilizuia pumzi nisiiharibu.

Akashusha kamera. Akavua kofia yake, akaifunika juu ya lenzi, akatugeuzia mgongo na kusimama akiutazama ukuta.

Kwenye ukuta ule kulikuwa na maandishi makubwa mekundu: NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA. FAINI DOLA KUMI. Hilaire aliyasoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

“Unafanya nini?” Papa Buhendwa alishika kichwa kwa mikono miwili. “Foto! Foto iko huku!”

“Nasoma, muzee.”

“Unasoma! Na baraza? Baraza inaenda hivyo, unaiona inaenda?”

Mabega ya Hilaire yalipanda, yakashuka. “Naiona, muzee,” akasema, akiwa bado ameutazama ukuta.

Watu wengine walianza kucheka, wengine wakamsukuma kidogo begani, kwa utani. Aliyumba, akarudi mahali pake. Koko alisikia. Aligeuza shingo kidogo, akauona ule mgongo mrefu na yale maandishi mekundu juu yake, na nikahisi kicheko kikimtikisa kifuani mwangu huku machozi yakilowesha kola ya gauni langu. Aliniegemea kwa uzito wake wote, akalia bila kujificha, mbele ya watu mia mbili.

Cubaka alinifungulia mlango. Benny mwenyewe alibonyeza honi ya kwanza. Gari likaanza kutembea, pikipiki zikatufuata zikipiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa picha nyingine ambayo kila harusi ya Goma inayo na yetu haina: gari, riboni, mikono madirishani.

Niligeuka kwenye kioo cha nyuma. Alikuwa amesimama vilevile, mgongo kwetu, kofia juu ya kamera, anausoma ukuta, maana Koko alikuwa hajamaliza kulia.